UMEFIKA, LAKINI UMEFIKA WAPI?

Somo kwa kijana anayetafuta mafanikio

Soma katika Biblia: Mwanzo 39, Mhubiri 2:1-11, Luka 12:16-21, Luka 19:1-10

Kijana mwenzangu, Karatasi hii umepewa bure na aliyekupa hakudai kitu. Usiitupe, wala usifungie karanga kabla hujaisoma mpaka mwisho. Inahusu jambo unalolitafuta kila siku tangu unapoamka: MAFANIKIO.

Pale njia panda ya Uyole malori yanapita usiku na mchana. Lori likitoka Dar es Salaam kwa njia ya Iringa na Makambako, likifika hapo dereva ana barabara mbili mbele yake. Moja inakwenda Mbeya mjini mpaka Tunduma, kuingia Zambia. Nyingine inakata kushoto kwenda Tukuyu na Kyela mpaka Kasumulu, kuingia Malawi. Sasa hebu fikiri, dereva amepakia mzigo wa Zambia, halafu anakata kushoto. Lori ni jipya, injini haina tatizo, barabara ni lami. Anapita kwenye mashamba ya chai na migomba ya Rungwe, muziki unalia, anawapita wenzake wote. Watu wakimwona wanasema, "Jamaa anakimbia kweli huyu!" Lakini kila kilomita anayokwenda inamweka mbali na mwenye mzigo wake. Akifika Kasumulu atakuwa amefika. Swali ni moja tu: amefika WAPI?

Vijana wengi wanakwenda mbio namna hiyo. Hawajakaa chini wakajiuliza mzigo waliobeba ni wa nani na unatakiwa kufikishwa wapi. Wanaangalia tu nani anakimbia zaidi.

1. WATU HUITA NINI MAFANIKIO?

Ukiwauliza vijana pale stendi au sokoni kwenye viazi, watakuambia wanataka kutoka kimaisha. Ukiwabana waeleze maana yake, utasikia mambo matatu.

(a) FEDHA. Sisi watu wa Mbeya tunaijua vizuri habari ya fedha. Mji wetu ulianza miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa kule Chunya. Miaka ya 1930 watu walimiminika huko, Wazungu kwa Waafrika, kila mtu na jembe lake na karai lake. Mpaka leo vijana wanaendelea kushuka mashimoni, na mwaka 2019 lilifunguliwa soko la madini pale Chunya ili mchimbaji auze kwa halali. Kuchimba si dhambi. Lakini jiulize: wale waliokuja kwanza wako wapi? Waliopata sana na waliokosa kabisa, wote wamelala chini ya udongo uleule waliokuwa wakiuchimba. Dhahabu imebaki, watu wamekwenda. Ukisoma Ayubu sura ya 28 utakuta habari ya wachimbaji wanaoning'inia mashimoni kutafuta fedha na dhahabu, na swali linaloulizwa pale ni zito: hekima je, inachimbwa wapi?

Bwana Yesu naye alisimulia habari ya mkulima mmoja aliyepata mavuno mengi hadi maghala hayakutosha. Akapanga kujenga makubwa zaidi, akaiambia nafsi yake ipumzike, ile, inywe. Usiku uleule akatakiwa roho yake (Luka 12:16-21). Angalia vizuri. Yule mtu hakuiba. Alikuwa mkulima hodari ambaye majirani wangemwita aliyefanikiwa. Mungu alimwita mpumbavu, kwa kuwa alijiwekea hazina mwenyewe, na mbele za Mungu hakuwa na kitu.

(b) SIFA. Siku hizi kijana anajipiga picha akiegemea gari la mtu mwingine, anaiweka kwenye simu ili wenzake waseme amefika. Usiku amelala na njaa, lakini picha imesifiwa. Ndugu yangu, ukiishi kwa sifa za watu utakufa siku wakinyamaza.

(c) RAHA. Pombe, muziki, bangi, wasichana, wavulana. Hapa sikufichi kitu. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 na 2023, watu wa miaka 15 na kuendelea wanaoishi na virusi vya UKIMWI kwa nchi nzima walikuwa asilimia 4.4. Mkoa wetu wa Mbeya ulikuwa na asilimia 9.6, Iringa asilimia 11.1, na Njombe asilimia 12.7. Hiyo ndiyo barabara yetu hii. Nasema haya bila kumcheka mtu. Kama wewe unaishi na virusi, hujashindwa maisha. Mungu anakupenda, na dawa ulizopewa hospitalini uzimeze kila siku bila kuacha; maombi hayakatazi dawa. Nasema tu kwamba raha na furaha ni vitu viwili tofauti. Raha unainunua, na ikiisha unainunua tena kwa bei kubwa zaidi. Furaha hakuna duka linaloiuza.

Mfalme Sulemani alikuwa na vyote vitatu. Alijenga majumba, akapanda mizabibu na bustani, akakusanya fedha na dhahabu, akaweka waimbaji, na macho yake hakuyanyima kitu yalichotaka. Alipogeuka kutazama kazi yote ya mikono yake, aliona ni kama kuukimbiza upepo (Mhubiri 2:4-11). Je, wewe utapata kuliko Sulemani?

2. NJIA ZA MKATO

Kwa kuwa watu wamefundishwa kwamba mafanikio ni fedha, wanazitafuta kwa njia yoyote. Nitataja nne tu.

Ya kwanza ni WAGANGA. Kuanzia mwaka 2007 nchi yetu ilipata aibu kubwa kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Wauaji waliamini, kwa maneno ya waganga, kwamba viungo vya ndugu zetu hao vitawapa utajiri katika uchimbaji na uvuvi. Mwezi Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Hebu fikiri, mtu anamwaga damu ya mtoto asiye na hatia, anaita hayo mafanikio! Na wewe unayeweka dawa mlangoni ili biashara yako ivute wateja, usiseme humo. Ni mlango huohuo, wewe umesimama kizingitini.

Ya pili ni FEDHA ZA KUOTA. Wengi wanaikumbuka DECI. Watu walitoa fedha zao, wakaambiwa "wamepanda mbegu" na "watavuna" zaidi ya walichopanda. Jambo hili lilienea sana hata makanisani, kwa sababu maneno yake yalifanana na maneno ya Biblia. Lakini hapakuwa na shamba. Aliyetangulia alilipwa kwa fedha za aliyefuata, na waliofuata walipopungua hapakuwa na wa kuwalipa. Mwaka 2009 serikali iliizuia, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani viongozi wake. Maelfu walilia. Sisi watu wa Uyole tungetakiwa kushtuka mapema, maana mbegu tunazijua. Tuna kituo cha utafiti wa kilimo hapahapa, na kuna aina za maharage zilizobeba jina la Uyole. Muulize mtafiti kama mbegu mpya inapatikana kwa wiki mbili. Atakuambia ni miaka: kupanda, kuchagua, kupanda tena. Neno la Mungu linafundisha kwamba mali ya harakaharaka hupungua, na akusanyaye kidogo kidogo ataongezewa (Mithali 13:11).

Ya tatu ni KUBETI. Kijana anapata elfu tano kwa kubeba viazi tangu alfajiri, jioni anaiweka yote kwenye mkeka. Timu moja ikiharibu, anarudi nyumbani mikono mitupu, na mama yake alikuwa anasubiri unga. Mwenye kibanda hajawahi kulala njaa kwa ajili yako.

Ya nne ni DHULUMA. Tunayo lumbesa hapa. Mfanyabiashara anashindilia gunia, anaongezea kilemba juu, analipa bei ya gunia moja. Mkulima ananyamaza kwa sababu mtoto anadaiwa ada. Yule tajiri anajenga nyumba nzuri. Lakini Mtume Yakobo aliandika kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana (Yakobo 5:4). Je, utapata usingizi katika nyumba ambayo matofali yake yanalia?

3. BIBLIA INAMWITA NANI MTU ALIYEFANIKIWA?

Sasa shika hapa, maana ndipo ulipo moyo wa somo hili.

Fungua Mwanzo sura ya 39. Kijana Yusufu ameuzwa na ndugu zake mwenyewe. Ana miaka kama 17. Amepelekwa Misri, nchi ya ugenini, hana mama, hana baba, hana mshahara, hana hata nguo aliyoichagua mwenyewe. Ni mtumwa. Na katika mstari wa 2, Biblia inasema kwamba Bwana alikuwa pamoja naye, na inamhesabu kuwa mtu aliyefanikiwa.

AMEFANIKIWA? Mtumwa?

Watu wengi wakihubiri habari za Yusufu wanakimbilia sura ya 41, pale alipovikwa pete ya Farao na kupandishwa kwenye gari la kifalme. Wanasema, hapo ndipo alipofanikiwa. Lakini Biblia haikusubiri sura ya 41. Ilimwita hivyo akiwa anafagia nyumba ya Potifa. Halafu mke wa bwana wake akamsingizia kwa sababu alikataa kuzini naye, akatupwa gerezani. Huko gerezani nako, ukisoma mstari wa 23, Bwana alifanikisha kila alichokifanya. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30 (Mwanzo 41:46). Ni miaka 13 ya utumwa na gereza, na katika miaka hiyo yote mbinguni jina lake liliandikwa upande wa waliofanikiwa.

Kwa nini? Kwa sababu mbili. Mungu alikuwa pamoja naye, na yeye alikuwa mwaminifu katika kazi iliyokuwa mbele yake siku ile. Basi. Hicho ndicho kipimo. Cheo kilikuja baadaye, na hata kisingekuja, Yusufu angekuwa amefanikiwa vilevile.

Kijana, unayesukuma mkokoteni, unayeendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku, wewe binti unayefanya kazi za ndani kwa watu, wewe uliyefeli kidato cha nne ukadhani dunia imekufungia mlango: sikia. Mimi ninayekuandikia niliishia darasa la saba. Unaweza kuanza kufanikiwa LEO, hapohapo ulipo, kabla hujapata kitu chochote.

4. ALIYEFIKA WA MWISHO

Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki kule Mexico, Tanzania ilikuwa na mkimbiaji wa mbio ndefu za marathoni, John Stephen Akhwari. Njiani alianguka, akaumia goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameshamaliza zaidi ya saa moja iliyopita. Giza limeingia, watazamaji wengi wameondoka. Ndipo Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, akamaliza wa mwisho kati ya wote waliofika. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii: nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza.

Sasa niambie, ni nani alipata nafasi ya nne siku ile? Hujui. Lakini Akhwari anajulikana mpaka leo, kwa sababu alijua nani amemtuma na ametumwa kufanya nini.

Mtume Paulo aliandika maneno ya namna hiyo karibu na kufa kwake: vita amevipiga, mwendo ameumaliza, imani ameilinda (2 Timotheo 4:7). Alikuwa amefungwa minyororo. Hakuwa na nyumba ya kurithisha mtu.

Na Bwana Yesu mwenyewe je? Kwa kipimo cha dunia alishindwa. Hakuwa na mahali pa kulaza kichwa (Luka 9:58). Rafiki mmoja alimuuza, mwingine alimkana. Alikufa kijana, katikati ya wanyang'anyi wawili, na nguo zake wakazipigia kura. Lakini alimwambia Baba kwamba ameimaliza kazi aliyopewa (Yohana 17:4). Siku ya tatu akafufuka! Kaburi lake liko wazi, na kwa sababu hiyo ninakuandikia.

5. JE, MUNGU ANAMCHUKIA TAJIRI?

Hapana. Usifundishwe kwamba umaskini ni utakatifu. Mungu ndiye anayempa mtu nguvu za kupata utajiri (Kumbukumbu la Torati 8:18). Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer wa Simanjiro, mkoani Manyara, alipata mawe mawili ya tanzanaiti yenye zaidi ya kilo 14, akayauza serikalini kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Alipoulizwa atafanya nini, alisema anataka kujenga shule karibu na nyumbani kwake. Mtu ambaye hakusoma, amewaza watoto wa wengine wasome. Unaona? Fedha ni mtumishi mzuri ikiwa na bwana wake. Tatizo ni pale inapokuwa bwana, na wewe ndiye mtumishi.

Soma habari za Zakayo. Alikuwa mkuu wa watoza ushuru, tajiri. Kwa kipimo cha stendi, huyo ametoka kimaisha. Lakini ametafuta nini juu ya mti? Mtu mzima, mwenye mali, anapanda mti kama mtoto anayewinda maembe! Ndani yake palikuwa na shimo ambalo fedha haikulijaza. Yesu akamwita kwa jina lake, akashuka mbio, akamkaribisha kwa furaha. Halafu akasimama akasema nusu ya mali atawapa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Fanya hesabu: siku ile Zakayo alipungukiwa fedha nyingi kuliko siku nyingine yoyote, na siku ileile furaha iliingia nyumbani kwake.

6. FURAHA INATOKA WAPI?

Kijana anasema, "Nikifanikiwa nitafurahi." Ameweka furaha mbele yake kama mpanda baiskeli anayekifukuza kivuli chake. Akipata baiskeli anataka pikipiki, akipata pikipiki anataka gari.

Biblia inaihesabu furaha kuwa tunda la Roho (Wagalatia 5:22). Tunda haliokotwi barabarani, linatoka kwenye mti wenye mizizi. Mizizi ni amani na Mungu: dhambi zako zimesamehewa, dhamiri haikushtaki, hudaiwi kisirisiri na mtu uliyemdhulumu, ukilala unalala. Mwenye hiyo anaweza kupata akafurahi, na anaweza kukosa akabaki na furaha. Paulo aliandika kutoka kifungoni kwamba amejifunza kuridhika katika kupungukiwa na katika kuwa na vingi (Wafilipi 4:11-12). Alisema AMEJIFUNZA. Hata yeye hakuzaliwa nayo.

Sikuahidi kwamba ukiokoka leo utapata gari kesho. Anayekuahidi hivyo anakudanganya. Pengine utaendelea kubeba viazi. Pengine rafiki zako watakucheka. Lakini utakuwa upande wa barabara inayokwenda kwa Mwenye mzigo, na hutakuwa peke yako garini.

7. UFANYE NINI?

Kwanza, TUBU. Usijitetee. Mwambie Mungu jina la dhambi yako.

Pili, MPOKEE YESU awe Bwana na Mwokozi wako. Alikufa kwa ajili yako, damu yake inatosha.

Tatu, RUDISHA. Kama uliiba au ulidhulumu, fanya kama Zakayo. Dawa ya mganga itoe mlangoni leo, uichome.

Nne, FANYA KAZI kwa mikono yako, kazi ya halali, hata ndogo, ili upate cha kumpa mhitaji (Waefeso 4:28). Baba na mama uwakumbuke.

Tano, TAFUTA KANISA linalohubiri Neno la Mungu karibu nawe, usome Biblia na kuomba kila siku. Kaa moja halikai na moto likiwa peke yake.

SALA YA TOBA

Kama umeamua, piga magoti hapo ulipo, au simama tu, useme kwa moyo wote:

"Ee Mungu Baba, nimekimbia sana, lakini sikukuuliza ninakwenda wapi. Nimetenda dhambi. Naomba unisamehe kwa damu ya Yesu Kristo, Mwana wako, aliyekufa kwa ajili yangu na kufufuka. Bwana Yesu, ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wa maisha yangu, wa kazi yangu na wa fedha yangu. Namkataa shetani na njia zake zote. Nipe Roho wako anifundishe kuridhika na kuwa mwaminifu. Niandike jina langu katika kitabu cha uzima. Amina."

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kama roho yako ingetakiwa usiku huu, ni nini ulicho nacho mbele za Mungu?
2. Kuna mtu yeyote anayelia kwa sababu ya fedha uliyo nayo? Umrudishie nini?
3. Yusufu alifanikiwa akiwa mtumwa. Ni kazi gani iko mikononi mwako leo ambayo hujaifanya kwa uaminifu?
4. Ni kitu gani unasema ukikipata ndipo utafurahi? Wenye nacho tayari, wote wana furaha?

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako karatasi hii.